Usitoke Kliniki Bila Kujua Kadi Yako Inasema Nini

Mama mjamzito wa Musoma, Bunda au Butiama akitoka kliniki kwa mara ya kwanza huwa amechomwa kidole, amekojoa kwenye kikopo, amepimwa presha, amepandishwa kwenye mizani na kusimamishwa ukutani apimwe urefu. Kwenye mkoba ana kadi iliyojaa namba, vifupisho na alama za kujumlisha na kutoa. Muulize njiani wamemwambiaje. Wengi watakujibu, "Wamesema niko sawa," au, "Wamenipa tarehe ya kurudi." Zaidi ya hapo hawajui, na si kosa lao. Foleni ilikuwa ndefu, nesi mmoja alikuwa na akina mama wengi, na hakuna aliyewaambia kwamba wana haki ya kuuliza.

Uliza. Kila kipimo cha mimba kina sababu yake, kina jibu lake, na jibu hilo lina jambo linalopaswa kufanyika baada yake. Kwa hiyo kabla hujainuka kwenye kiti, taka kujua umepimwa nini, jibu ni lipi, na kama jibu si zuri kinafuata nini na lini. Ukiuliza kwa heshima, wauguzi wengi watakujibu vizuri. Usipojibiwa, omba kumwona mganga mfawidhi wa zahanati.

Jambo la kwanza ni kuwahi. Wanawake wengi wa mkoa wetu wa Mara hawasemi kuwa wana mimba mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Sababu zao nazielewa: hofu ya hasidi, kumbukumbu ya mimba iliyoharibika, binti kuogopa wazazi. Lakini tumboni kuna kazi isiyosubiri. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga siku kama 28 tangu mimba itungwe, wakati ambao mama ndiyo kwanza anajiuliza mbona hedhi imechelewa. Usipofunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi na kichwa kikubwa kilichojaa maji. Foliki asidi hupunguza hatari hiyo, ila inatakiwa kuanza kumezwa kabla ya kushika mimba, mikrogramu 400 kwa siku. Tangu 2011 viwanda vikubwa vya unga nchini vinatakiwa kuongeza foliki asidi na madini ya chuma kwenye unga wa ngano na mahindi. Dona inayosagwa kwenye mashine ya kijijini, na udaga tunaousongea ugali, haviongezwi kitu. Anayepanga kuzaa mwaka huu aombe vidonge mapema, asitegemee unga.

Na kwenda kliniki si kutangaza mimba. Unaweza kwenda wiki ya nane usimwambie mtu mwingine yeyote hadi utakapotaka mwenyewe. Muuguzi anatakiwa kutunza siri yako. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mjamzito aonane na mtoa huduma mara nane, badala ya nne za zamani, na mara ya kwanza iwe kabla ya kutimia wiki 12. Nenda ukiwa umeandika tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Tarehe hiyo ndiyo itakayotumika kuhesabu kila kitu kingine.

Hapo ndipo utrasaundi inapoingia, na hapo ndipo wengi wanapopoteza fedha. Akina mama hungoja mwezi wa saba au wa nane wakapige utrasaundi kujua kama ni wa kike au wa kiume. Kwa umri wa mimba, utrasaundi ya wakati huo ni hafifu. Inaweza kukosea kwa wiki mbili au tatu. Utrasaundi ya kabla ya wiki 24 hukadiria umri vizuri zaidi, huonyesha kama ni mapacha, kondo limekaa wapi, na ikifanywa kati ya wiki 18 na 22 na mtu aliyebobea, huonyesha kasoro nyingi za maumbile ya mtoto. Kama fedha yako inatosha utrasaundi moja tu, ifanye wakati huo. Ukifanya nyingine baadaye ikakupa tarehe tofauti ya kujifungua, ile ya mwanzo ndiyo ya kuaminiwa. Picha na maandishi yake yakae ndani ya kadi.

Sasa damu. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu upungufu wa damu ndio tatizo linalowapata akina mama wengi kuliko lolote lingine nitakalolitaja. Utafiti wa taifa wa afya na demografia wa 2015/16 ulikuta asilimia 57 ya wajawazito Tanzania wana upungufu wa damu. Ni zaidi ya nusu ya foleni.

Kipimo chake ni tone moja la kidole linaloingizwa kwenye kimashine kidogo, kisha inatokea namba. Taka kuijua namba hiyo. Ikiwa 11 au zaidi, ni vizuri. Chini ya 11 ni upungufu. Chini ya 7 ni hatari kubwa, na mama huyo hapaswi kurudishwa nyumbani na vidonge tu. Pengine kimashine hakipo, na nesi anakufunua kope kuangalia weupe. Hiyo haitoshi, uliza ni kituo gani cha karibu kina kipimo. Damu ipimwe tena mimba ikiwa kubwa, kwa sababu mwenye damu kidogo akitokwa na damu kidogo tu wakati wa kujifungua anaweza kufa, pale ambapo mwenzake mwenye damu ya kutosha angepona.

Jibu likiwa baya, usiridhike na pakiti ya vidonge vyekundu kabla ya kuuliza damu imekwenda wapi. Kwetu ina njia kadhaa za kupotea. Ya kwanza ni malaria. Mjamzito anaweza kuwa na vijidudu vya malaria vimejificha kwenye kondo, asihisi homa, huku mtoto akikosa lishe na mama akikosa damu. Ndiyo maana unapimwa hudhurio la kwanza hata ukiwa mzima, unapewa chandarua chenye dawa, na kuanzia wiki ya 13 unamezeshwa SP, dawa ya kuzuia malaria, kila mwezi, angalau mara tatu kabla ya kujifungua. Mama anayetumia septrini kwa sababu ya VVU hapewi SP, na anayemeza foliki asidi ya miligramu 5 amwambie nesi, maana dozi hiyo kubwa huifanya SP isifanye kazi.

Ya pili ni minyoo, na hasa kichocho. Anayefua, kuoga na kuchota maji kwenye mialo ya Ziwa Victoria, kuanzia Majita na kisiwa cha Rukuba mpaka Guta na Kibara, yuko kwenye maji ya konokono wenye kichocho. Kichocho cha ziwa letu ni cha tumbo na ini. Mtu anaweza kukaa nacho miaka akidhani ni tumbo la kawaida, huku damu ikitoka kidogokidogo kwenye choo. Mjamzito anaruhusiwa kutibiwa kwa prazikwanteli baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Shirika la Afya Duniani limeshasema hivyo. Mhudumu akikwambia ungoje mpaka ujifungue, muulize tena kwa upole, au omba daktari aamue.

Ya tatu ni udongo. Kwenye masoko yetu udongo wa wajawazito, ule wengine wanaouita pemba, unauzwa wazi, na hamu yake ni ya kweli, simlaumu mama. Lakini udongo huzuia chuma kuingia mwilini, na mara nyingi hamu hiyo yenyewe ni dalili kwamba damu imepungua. Kuna jambo lingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa kwa wajawazito wa maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu Geita, ulikuta karibu nusu yao wanakula udongo, na udongo wenyewe una madini mazito kama aseniki na nikeli. Kwetu nako kuna wachimbaji wadogo, Buhemba pale Butiama ikiwa mfano unaojulikana zaidi. Kama mume wako ni mchimbaji, zebaki isichomewe nyumbani, jikoni wala uani. Mvuke wake hauonekani, unapita kwenye kondo, na unaharibu ubongo wa mtoto. Mjamzito asikae kwenye karasha wala mahali dhahabu inapochomwa, hata kama kazi yake ni kuuza chakula tu. Mwambie nesi unaishi au kufanya kazi machimboni. Kwenye kadi hakuna nafasi ya swali hilo, kwa hiyo ulitaje wewe.

Kwa upande wa chakula, tuna bahati. Dagaa wa ziwani wanaoliwa wazima na miiba yao wana chuma na kalsiamu, na ni nafuu kuliko sangara. Chai isinywewe pamoja na chakula wala vidonge vya damu. Iache saa moja au mbili.

Bado niko kwenye damu, kwa sababu kuna kipimo kimoja ambacho wengi hawaambiwi. Ni cha seli mundu. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye ugonjwa huu kwa wingi. Uchunguzi mkubwa uliofanywa kupitia Hospitali ya Bugando, Mwanza, kwenye sampuli za watoto wachanga wa mikoa ya kaskazini magharibi mwa nchi, ulikuta takriban mtoto mmoja kati ya watano amerithi kinasaba kimoja cha seli mundu, na zaidi ya mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe. Mwenye kinasaba kimoja haumwi. Anaolewa, anazaa, hajui lolote. Lakini baba na mama wote wawili wakiwa nacho, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mgonjwa. Wa kwanza akiwa mzima, hesabu haibadiliki kwa wa pili.

Kama kwenye ukoo wenu kuna watoto waliokuwa wakivimba mikono na miguu, wenye macho ya manjano, walioongezewa damu mara kwa mara, au waliofariki wadogo ikasemwa ni uchawi, pimeni wote wawili. Kipimo cha haraka cha aina ya zamani huonyesha kwamba seli mundu ipo, lakini hakitofautishi aliyebeba kinasaba na mgonjwa, kwa hiyo uliza kama kipo kinachotofautisha. Jibu hilo halikusudiwi kumwachisha mtu mkewe. Linasaidia mtoto apimwe mapema baada ya kuzaliwa. Aliyegundulika mapema hupewa penisilini na chanjo na baadaye haidroksiurea, na huishi. Asiyejulikana huenda akafa kwa homa ya siku mbili kabla ya miaka mitano.

Kundi la damu nalo liandikwe kwenye kadi. Wenye Rhesus hasi ni wachache, lakini mama wa aina hiyo akizaa mtoto mwenye Rhesus chanya anahitaji sindano ya anti-D ndani ya saa 72, la sivyo mimba zinazofuata zinaweza kushambuliwa na mwili wake mwenyewe. Hata mimba ikiharibika, aulize kuhusu sindano hiyo. Si kila kituo kinayo na bei yake si ndogo, kwa hiyo itafutwe miezi kabla.

VVU na kaswende hupimwa siku moja. Kuhusu VVU watu wengi wanajua: mama akimeza dawa kila siku, hatari ya kumwambukiza mtoto hushuka chini ya asilimia 5, na bila dawa inaweza kufika asilimia 45. Wasichojua ni kwamba jibu la mwanzo halitoshi. Pima tena mimba ikiwa kubwa na wakati wa kunyonyesha, kwa sababu mtu anaweza kuambukizwa akiwa na mimba. Kaswende ndiyo inayosahaulika. Huua watoto tumboni kimyakimya, na familia ikazika mtoto wa pili na wa tatu ikitafuta mchawi, wakati sindano moja ya penisilini ya muda mrefu ingemaliza habari ikiwa mimba bado changa. Mume naye achomwe, la sivyo ugonjwa utarudi. Uliza pia kama kituo chako kinapima homa ya ini aina ya B, ili mtoto achanjwe mara tu anapozaliwa.

Hapa niseme jambo linalowatesa akina mama. Kipimo cha uchunguzi si hukumu. Kinamchuja anayehitaji kuangaliwa zaidi. Jibu la kwanza la VVU likiwa chanya huthibitishwa kwa kipimo kingine. Protini kwenye mkojo inaweza kuwa ni uchafu wa ukeni ulioingia kwenye kikopo, au maambukizi ya njia ya mkojo, au mwanzo wa kifafa cha mimba. Lazima iendelee kutafutwa. Anayeambiwa "kuna tatizo" asikimbie kliniki, na aliyeambiwa "hakuna tatizo" mwezi wa tatu asidhani ni hivyo hata mwezi wa nane.

Kifafa cha mimba ndicho ninachokiogopa zaidi, kwa sababu kinaanza bila maumivu. Kwenye kipimo cha mkojo, kijiti chenye vipande vya rangi huchovywa kwenye kikopo, kinatolewa, kinalinganishwa na rangi zilizochapwa kwenye kichupa chake. Kipande cha protini kikibaki njano, hakuna kitu. Kikigeuka kijani, protini ipo, na kadiri kijani kinavyokolea ndivyo ilivyo nyingi. Omba uonyeshwe. Kisha tazama presha: ikifika 140 kwa 90 au kuzidi baada ya wiki ya 20, usiondoke bila kupimwa tena na kuelezwa utafanya nini. Kama mimba iliyopita ulipata kifafa, au una mapacha, au una presha ya siku zote, mwone daktari mapema, kabla ya wiki ya 16 ikiwezekana, kwa sababu kuna aspirini ya dozi ndogo inayopunguza hatari na inafaa ianze mapema. Usijianzishie mwenyewe.

Nyumbani, kichwa kuuma sana bila kutulia, macho kuona giza au nyota, uso na mikono kuvimba ghafla, na maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu si mambo ya kulala nayo mpaka asubuhi. Wala kutokwa damu, maji kuvuja, homa kali, au mtoto aliyezoea kucheza kunyamaza. Tanzania ina mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama. Namba yake ni 115, kupiga ni bure, na aliye zamu hupanga gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Iandike namba hiyo ukutani na kwenye simu ya kila mtu wa nyumbani. Anayeishi kisiwani au kwenye rasi ya Majita azungumze na mwenye boti kabla ya mwezi wa tisa. Vifo vya uzazi nchini vimeshuka sana: utafiti wa taifa ulikadiria 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16, na 104 mwaka 2022. Sehemu kubwa ya wanaoendelea kufa hufa kwa kutokwa damu na kifafa cha mimba, na mara nyingi kwa kuchelewa.

Sukari nayo. Vituo vingi hupima ya mkojo tu, na hiyo huwakosa wengi. Kama uliwahi kuzaa mtoto wa zaidi ya kilo nne, kama ndugu zako wana kisukari, au kama una unene mkubwa, omba upimwe sukari ya damu kati ya wiki 24 na 28.

Wanaozaa wakiwa na umri mkubwa huuliza kuhusu watoto wenye ulemavu wa Down. Uwezekano ni karibu mmoja kwa 350 mama akiwa na miaka 35, na mmoja kwa 100 akiwa na 40. Vipimo vyake vya damu na utrasaundi ya wiki 11 hadi 14 si huduma ya zahanati. Hutafutwa hospitali kubwa na maabara za mijini, kwa gharama ya mwenyewe. Kabla ya kuvilipia, zungumzeni mke na mume mtafanya nini na jibu. Kwa kasoro kama mgongo wazi, faida iko wazi zaidi: mama anaweza kupanga kujifungulia karibu na madaktari wa upasuaji, kwa mfano Bugando, badala ya kumpeleka mtoto huko akiwa na jeraha la wiki mbili.

Dada aliyekeketwa amwambie mkunga mapema. Kwa utafiti wa 2022, asilimia 28 ya wanawake wa Mara wamekeketwa, hivyo mkunga wa huku hatashangaa. Kovu linaweza kuchanika vibaya au kuzuia mtoto, na mkunga aliyejua mapema hujiandaa. Mitishamba ya kuongeza uchungu iachwe kabisa. Hakuna anayejua dozi yake, na mfuko wa uzazi unaweza kupasuka.

Akina baba, njooni. Damu yenu inahitajika kwenye kipimo cha seli mundu, kaswende na VVU. Lakini si kila mama ana mume wa kumleta. Kuna aliyeachwa, kuna binti wa shule, kuna aliyeolewa na mwanamke mwenzake, bibi mwenye mji, kwa mila ya nyumba ntobhu. Wengine wametumwa wakalete barua ya mwenyekiti ndipo wapimwe, na hawakurudi tena. Mwenzi anahimizwa kuja, lakini kutokuwepo kwake si sababu ya kumnyima mama huduma. Ukirudishwa kwa sababu hiyo, nenda kwa mganga mfawidhi siku hiyohiyo, na ukishindwa hapo nenda kwa mganga mkuu wa halmashauri.

Mama mkwe, wifi, jirani unayesoma haya: kama kuna mwanamke nyumbani mwenu mwenye mimba, mwombe akuonyeshe kadi yake leo. Tazama namba ya damu, presha, kundi la damu, jibu la kaswende na tarehe ya kurudi. Penye nafasi tupu, msindikize wiki hii akaulize.